Laki tano na CD za roki katika nyumba ya mawe

Swali: Assalaam aleikum fundi. Mimi ni baharia mstaafu, nakaa Mkomani, Lamu. Miaka niliyokuwa melini nilikuwa nikinunua CD za roki kila bandari, sasa ninazo mia tatu na kitu: Deep Purple, AC/DC, Dire Straits, Queen, Metallica. Mashine yangu imekufa. Binti yangu yuko Dubai, ameniahidi shilingi laki tano. Muuzaji mmoja ananiambia kuna mashine ya laki nne na nusu ambayo “imepangwa kwa ajili ya roki”. Amplifaya yangu ni ya zamani lakini nzima, spika ni ndogo, nimeziweka kwenye zidaka. Ninunue? Na usiku niifunike?

Waalaikum salaam kaka. Hiyo ya laki nne na nusu iache dukani. Si mbaya. Mashine za daraja hilo nimezifungua, na ndani zimepangwa safi mpaka unaona haya kuzigusa na bisibisi. Ila hakuna mashine ya CD iliyopangwa kwa roki. Kazi yake ni kusoma namba. Taarabu, kasida, Deep Purple, kwake zote ni namba za biti 16, mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kipimo walichokubaliana Philips na Sony mwaka 1980, miaka miwili kabla mashine ya kwanza haijaingia madukani Japani. Gitaa likitoka limelegea, si kwa sababu mashine haijui roki.

Nikueleze ninavyojua. Hapa Malindi Wataliano ni wengi, na Mtaliano akirudi kwao au akifariki, vyombo vyake vya muziki aghalabu huishia mezani kwangu. Siku moja nilikuwa na mashine mbili pamoja: moja ya bei ya pikipiki mpya, moja ya kawaida kabisa. Mwenye ile ya ghali alikuja na kiti chake. Tukasikiliza, na kweli, ya ghali ilikuwa na nguvu zaidi, ngoma zinakupiga kifuani. Mimi nikachukua mita. Nikatia CD ya majaribio yenye toni ya mitetemo 200 kwa sekunde, sauti ya amplifaya sikuigusa, nikapima umeme kwenye vichwa vya waya za spika. Ya kawaida ilinipa voliti 1, ya ghali 1.25. Hiyo ni tofauti ya karibu desibeli mbili. Sikio halikwambii “hii ni kubwa kidogo”, linakwambia “hii ni nzuri zaidi”. Mashine za CD hutakiwa kutoa kama voliti 2 kwa nyuma, lakini watengenezaji wengine huongeza, nao wanajua wanachokifanya. Nikasawazisha kwa mita, nikamwomba ageukie ukutani, nikawa nabadilisha bila kusema. Mara ya nne akaanza kucheka mwenyewe. Tukanywa kahawa, na ile ya ghali akaondoka nayo vilevile, maana alikuwa anaipenda. Hilo nalo halina ubaya, mradi mtu ajue analipia nini.

Basi laki tano ziende wapi? Nianze na chumba chako, kwa sababu huko ndiko besi yako inakofia.

Nyumba za mawe za Lamu unazijua kuliko mimi. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana haukuweza kuzidi urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Tuseme chako kina upana wa mita 2.8, kipime kwa futi yako ukitaka. Kuta ni za matumbawe, juu yake lipu ya chokaa, ngumu na nene. Katika joto letu sauti husafiri kama mita 347 kwa sekunde. Igawe kwa mara mbili ya upana, yaani 5.6, unapata 62. Maana yake, kila sauti yenye mitetemo 62 kwa sekunde ikitoka, inagonga ukuta huu, inarudi ule, na kila inaporudi inajikuta yenyewe. Inavimba. Chukua gitaa la besi, waya wa pili kutoka ule mnene, bonyeza friti ya pili: ndiyo noti hiyo. Roki imejaa noti hiyo na majirani zake, na ngoma kubwa ya mguu iko hapohapo. Kwa hiyo mpiga besi akipita pale chumba kinanguruma, akishuka au kupanda kidogo anapotea. Wewe unasema CD mbovu, au mashine imechoka. Ni ukuta, kaka.

Halafu spika umezitia kwenye zidaka! Najua, hata macho yanataka zikae pale, na zidaka zenyewe ziliwekwa zipambwe. Lakini spika ikiwa ndani ya tundu la ukuta inabanwa pande tano, na besi yake inakuwa kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Zitoe. Weka vyombo vya kichina pale, ndivyo vyake.

Fanya hivi kabla hujatumia hata shilingi moja. Spika zisimame juu ya stuli nzito, zikiangalia kwa urefu wa chumba na si kwa upana, kila moja mbali na ukuta wa nyuma yake kwa nusu mita au zaidi. Kiti chako kiweke katikati ya upana, umbali sawa kutoka kuta mbili za pembeni, kwa sababu lile wimbi la 62 lina nguvu kwenye kuta na katikati ni dhaifu kabisa. Usiegemee ukuta wa nyuma pia. Mkeka mmoja hautoshi: weka zulia zito baina yako na spika, na nyuma ya kiti tundika kitu kinene, hata godoro la pamba lililovishwa kanga. Godoro halitaizima besi, ila litameza ule mlio wa juu unaorukaruka kwenye chokaa na kufanya matoazi yasikike kama sufuria. Sikiliza wiki nzima. Naamini utaniandikia tena kabla hujanunua chochote.

Spika zenyewe sasa. Ikiwa ni zile ndogo zenye koni ya inchi tano, hazifiki chini. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika za ukubwa huo nyingi huanza kuchoka karibu na 60. Unachosikia chini ya hapo ni kivuli cha noti, akili yako inajazia iliyobaki. Nusu ya hela zako iende hapa: spika za koni ya inchi nane, na kwa chumba chako ningetafuta zile zilizofungwa kabisa, zisizo na tundu la hewa nyuma wala mbele. Zenye tundu husukuma besi nyingi, na besi nyingi tayari unayo bure kutoka ukutani. Zilizofungwa hushuka polepole na kwa adabu. Hazipatikani kwa wingi siku hizi, mwambie binti yako atafute hata zilizotumika, mradi raba ya pembeni ya koni iwe nzima. Akiibonyeza kwa kidole ikavunjika kama biskuti, aondoke.

Sasa mashine, maana ndiyo uliyoiuliza.

Kuna jambo moja ambalo roki inaitaka mashine ifanye, na muuzaji wako hakulitaja. Kuanzia miaka ya 1990 watayarishaji wa muziki waliingia kwenye mashindano ya nani atatoa CD yenye kelele zaidi. Wanapandisha kila kitu mpaka kwenye dari ya namba, yaani namba kubwa kuliko zote ambayo CD inaweza kubeba, vilele vya ngoma vinakatwa. Mfano unaojulikana ni albamu ya Metallica ya mwaka 2008, Death Magnetic. Mashabiki wenyewe walilalamika, hasa baada ya kusikia nyimbo zilezile kwenye mchezo wa video zikiwa zinapumua vizuri zaidi. Kilichokatwa studio hakuna mashine ya kukirudisha, hata uilipie kiwanja. Lakini kuna madhara ya pili ambayo mashine inaweza kuyazidisha au kuyaepuka. Zile namba za CD ni kama nukta, na kigeuzi cha ndani, kile kinachogeuza namba kuwa sauti, ndicho kinachochora mstari unaopita kwenye nukta hizo. Nukta mbili zikiwa zote ziko darini, mstari wa kweli baina yake hupanda juu ya dari. Kigeuzi kilichoachiwa nafasi kinauchora. Kisicho na nafasi kinaukata tena, na hapo matoazi yanatoa mchanga. Kwenye CD zako za Dire Straits hutakutana na hili. Brothers in Arms ya 1985 ina nafasi ya kutosha juu. Kwenye za baada ya 1995 utakutana nalo sana. Kwa hiyo mtu wa roki akienda dukani abebe CD yake yenye kelele kuliko zote, si ile nzuri ya muuzaji, na asikilize matoazi tu. Gitaa zitamdanganya, zenyewe zimeshakwaruzwa kwa makusudi.

Sifa nyingine zilizoandikwa kwenye karatasi za mauzo, za saa ya ndani na waya za fedha, zipite tu.

Kwa Lamu kitakachokuamulia ni chumvi. Jicho la leza hutembea juu ya fimbo nyembamba ya chuma, kutoka katikati ya CD kwenda ukingoni. Wakati wa kusi ile hewa inayoingia dirishani imebeba bahari, na fimbo inashika kutu ambayo huioni kwa macho, unaisikia tu: nyimbo za mwanzo zinapiga sawa, za mwisho zinakwama, kwa kuwa CD husomwa kutoka ndani kwenda nje na huko nje ndiko jicho linakofika mara chache. Ukinunua iliyotumika, jaribu wimbo wa mwisho wa CD ndefu, ya dakika sabini na zaidi. Lenzi nayo hupata utando. Mashine zinazotoka kwenye nyumba zenu za Waswahili nazitambua kabla sijauliza: lenzi ina rangi ya chai nyepesi, na nikiifuta pamba inanukia udi. Sisemi uache kufukiza. Chetezo tu kisikae chini ya rafu ya muziki.

Kwa sababu hiyo mimi nisingenunua mashine moja yenye kila kitu. Ningezitenga mbili: kisomaji peke yake, kinachozungusha CD na kutoa namba, na kigeuzi peke yake, kisanduku kisicho na kitu kinachotembea ndani. Kisomaji ndicho kitakachouawa na chumvi, leo au miaka saba ijayo, basi kisiwe cha ghali. Cambridge Audio wana CXC, Audiolab wana 6000CDT. Vyote viwili ni visomaji vitupu vya kuunganishwa na kigeuzi cha nje. Cha kwanza kina droo, cha pili unaingiza CD kwenye mwanya. Nachagua droo, kwa kuwa mwanya ukikwama na CD yako ndani, kuitoa ni kufungua mashine nzima. Waya baina ya viwili hivyo uwe wa kawaida wa koaksio. Usimsikilize anayekuuzia waya kwa bei ya mbuzi.

Mpango huu una kasoro moja na nisikufiche. Baadhi ya CD za mwanzo kabisa, za miaka ya 1980, hasa zilizotengenezwa Japani, sauti za juu ziliongezwa wakati wa kurekodi, na mashine inatakiwa kuzipunguza yenyewe ikiona alama iliyofichwa kwenye CD. Vigeuzi vingi vya nje haviijali alama hiyo. Ukikuta CD mbili tatu zinakuwa kali masikioni kuliko zamani, punguza trebo kwenye amplifaya yako ya zamani. Ndiyo faida ya amplifaya ya zamani, ina kitufe cha trebo.

Ukikataa vitu viwili, unataka kimoja kizuri cha kutazamika, basi zingatia Rega Apollo, ile inayofunguliwa juu kama kifuniko cha sufuria. Haina mota ya droo, na ukiifungua lenzi iko mbele yako, unaifuta mwenyewe kwa pamba na tone la spiriti ya isopropili, bila kubonyeza. Lakini ukiisahau wazi saa moja tu, mchanga unaingia moja kwa moja mpaka kwenye jicho.

Zile za zamani za Ulaya zenye leza ya Philips inayobembea kwenye mkono kama bawaba, na chipu ya kigeuzi iitwayo TDA1541, watu wanazitafuta sana na wanasema roki kwao ni nzito. Mimi nazipenda mno. Ninazo mbili, na ya tatu naila viungo. Huko ndiko tunakoelekea: leza zake hazitengenezwi tena, kila anayezitunza anaua moja ili nyingine iishi. Wewe huna fundi jirani, usijitie humo.

Umeme. Binti yako akikuletea kitu kutoka Dubai, volti zao zinakaribiana na zetu za 240, hakuna shida. Asikuletee cha Japani, hata akiambiwa ni rahisi na ni kama kipya. Japani wanatumia volti 100. Mimi mwenyewe, na ufundi wangu wote, niliwahi kuichomeka moja mbele ya mwenye mali. Nyuma iliandikwa kwa herufi za kimo cha chawa, AC 100V, na kibandiko cha muuzaji kilikuwa kimezifunika nusu. Hata taa haikuwaka. Ulitoka mlio mfupi, kama mtu aliyemeza mate, halafu harufu. Nililipa transfoma na heshima. Mwambie akupigie picha ya nyuma ya mashine kabla hajatoa hela, namba ionekane nzima.

Hapo nyumbani nunua stebilaiza, ndogo inatosha kwa kisomaji na kigeuzi, vinakula umeme kidogo. Amplifaya ipe yake kubwa zaidi. Umeme ukikatika chomoa plagi, si kuzima kwa remoti, na ukirudi usiwe na haraka. Subiri dakika kumi utulie.

Juu ya CD zenyewe, kaa nazo jioni moja uzipige tochi kwa nyuma. Nukta za mwanga zikipenya, ile rangi ya fedha imeanza kuliwa. Tazama pia zilizoandikwa zimetengenezwa Uingereza na PDO: kiwanda chao cha Blackburn kilitoa CD kati ya 1988 na 1993 ambazo baadhi yake hugeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, kwa sababu rangi ya kinga ilishindwa na salfa iliyokuwa kwenye makaratasi ya majalada. Ugonjwa huo hauponi. Zinakili kwenye kompyuta sasa hivi, wakati zinasomeka. Na mikwaruzo iogope ya upande wenye maandishi zaidi kuliko ya upande unaong’aa. Upande unaong’aa una plastiki zaidi ya milimita moja ya kulinda. Upande wa maandishi, chini ya wino tu kuna fedha yenyewe.

Utakapofika mzigo Mokowe, gatini upande wa bara, mashine isiende kwenye shehena ya mbele ya boti. Nimepokea moja kutoka kwenu iliyokuwa imefungwa vizuri kwa maboksi matatu, lakini hakuna aliyefikiria wimbi, na maji ya chumvi hayahitaji mlango. Ifunge kwa nailoni nzito ndani ya boksi, uipakate mwenyewe. Kama ina skrubu ya kufunga leza kwa safari, iache imefungwa mpaka iko juu ya meza, ukishapita hamali, punda na ngazi. Kisha iache saa kadhaa ipate joto la nyumba kabla hujaichomeka, hasa ikiwa imetoka kwenye gari lenye kiyoyozi, maana lenzi hufanya jasho kama gilasi ya maji baridi.

Mwisho uliuliza, chini kabisa ya barua yako, kama uifunike usiku. Ndiyo, kwa kitambaa cha pamba. Si nailoni: nailoni inafungia unyevu ndani. Na ndani ya droo ya meza weka zile pakiti ndogo za chembechembe za kukausha zinazokuja na viatu. Zikilowa zikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, ila kwanza zitoe kwenye karatasi yake. Mke wangu alinikuta siku moja nazikaanga pamoja na karatasi.